Tenki la Sebastian Lililooga Mara Mbili

Ukitaka kumuudhi Demetria, mwite mpaka rangi. Atakuambia kupaka rangi hata mtoto wa chekechea anaweza, mpe brashi na ukuta uone. Kazi yake yeye ni kuifanya rangi ikae, tena ikae pale pabaya kuliko pote, juu ya tenki la pikipiki, ambako petroli humwagika kila siku ya Mungu, na petroli haina huruma na rangi changa.

Banda lake liko Ukonga, ng'ambo ya kijiwe cha bodaboda. Juu bati, pembeni turubai, ndani mashine ya upepo inayokohoa mara tatu kabla ya kukubali kazi. Yeye mwenyewe ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini na minane, mzaliwa wa Mbinga, mwenye mikono iliyojaa vidoa vya kila rangi iliyowahi kupita Ukonga. Alianza akiwa mpishi wa mafundi wa gereji moja kule Mwananyamala. Siku moja fundi rangi akaja amelewa, bampa la mteja linasubiriwa, Demetria akaacha sufuria ya maharage akashika bunduki ya kupulizia. Mteja alichukua gari lake akashukuru. Maharage ndiyo yaliungua. Kuanzia hapo hakurudi tena jikoni kwa mtu. Kuhusu mume, husema alikuwapo kisha hakuwapo, na ukimwuliza zaidi anawasha mashine.

Wateja wake wakubwa ni vijana wa kile kijiwe. Wengi wao huendesha pikipiki za watu kwa mkataba: unaendesha mwaka na miezi kadhaa, unapeleka hesabu kwa tajiri, na siku mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yako. Siku hiyo ikifika, jambo la kwanza ni kuondoa rangi ya tajiri na kuweka yako. Hapo ndipo unapovuka barabara kwenda kwa Mama Rangi, maana hivyo ndivyo wanavyomwita, na mama huyo atakukalisha kwenye ndoo na kukupa masharti kama mganga.

Sharti la kwanza, tenki linabaki kwake siku saba. Usimlilie kwamba utakula nini, anayo matenki matatu mabovu ya kuazima, meusi kama masufuria ya kuni, atakufungia moja utaendelea na kazi huku wenzako wakikucheka. Katika siku hizo saba analipiga msasa, analipaka praima ya kushikia rangi, kisha rangi, kisha juu yake klia, ule mng'aro usio na rangi unaoifunika kazi yote. Na klia haiendi peke yake. Vikombe viwili vya klia huchanganywa na kikombe kimoja cha hadina, dawa ya kuigandisha. Klia isiyo na hadina ya kutosha ni kama sukari guru: itang'aa, itakauka, utaigonga kwa kucha itaitika, lakini ikiguswa na petroli inayeyuka. Mafundi wabahili hupunja hapo, kwa sababu hadina haionekani kwa macho. Demetria alikuwa akiwasema sana mafundi hao.

Kisha huja mdomo wa tenki, pale penye kifuniko. Hapo hupitisha klia mara tatu, akiizungusha mpaka ndani ya ukingo, kwa sababu petroli haibishi hodi mlangoni, hupenya chini ya ukingo na kuinua rangi kutokea ndani. Na sharti la mwisho mteja hulirudia kwa mdomo wake kabla hajaondoka: mwezi wa kwanza petroli ikimwagika usiifute, mwagia maji iende zake. Ukifuta na kitambaa unasugua vumbi juu ya rangi ambayo bado inaiva.

Masharti yote haya yasingekuwa na makali kama si mila ya kile kijiwe. Mtu akimaliza mkataba na kupaka rangi yake, wenzake humnywesha. Kila mmoja huja na chupa ya petroli, pikipiki ikiwa imezimwa na imepoa, na mzee Khalil, mwenye duka la spea ambaye ndiye mlezi wa kijiwe, akiwafukuza wavuta sigara mpaka mtaa wa pili. Wanamimina chupa baada ya chupa hadi tenki lijae, kisha wanaendelea, mpaka petroli ifurike na kushuka pande zote mbili. Isipofurika, wanasema, baraka haijatosha. Mtu wa nje ataona uwendawazimu, kumwaga kitu cha bei vile. Wao wanaona ni aibu kumtakia mwenzio mema kwa kipimo.

Matenki ya mafundi wengine yalikuwa yanatoka kwenye sherehe hiyo yamekunjamana kama ngozi ya juu ya maziwa. Ya Demetria yalioga yakazidi kung'aa. Miaka tisa hivyo. Hakuwa na bango wala kadi ya simu. Tangazo lake lilikuwa ile petroli kushuka juu ya kazi yake mbele ya watu arobaini na kuiacha ilivyo.

Halafu ikaja vuli ya mwaka jana na tenki la Sebastian.

Sebastian ni kijana wa Kihaya, mrefu, mpole mpaka unamwonea huruma, aina ya mtu ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Alimaliza mkataba wake akataka tenki la kijani, na ubavuni jina la mama yake, Kokuberwa, kwa herufi nyeupe. Mama huyo yuko Muleba. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa pekee ili mwanawe apate nauli, leseni na pa kuanzia. Demetria aliziandika zile herufi kwa mkono, bila karatasi ya kuchorea, na zilitoka nzuri hata yeye akasogea nyuma kuzitazama.

Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne mfululizo. Alipofika kwenye klia akakuta kopo la hadina limebaki chini chini. Kupata jingine ilibidi aende Kariakoo, na barabara siku hiyo ilikuwa mto. Akaitingisha hadina iliyobaki, akaitazama, akajiambia si haba. Ilikuwa nusu ya kipimo. Nusu tu, na yeye alijua, kwa sababu mkono wake umepima dawa ile miaka ishirini. Siku ya tano Sebastian akaja kuomba tenki lake, watu wameshaalikwa Jumamosi, na matenki yote ya kuazima yako kwa wengine. Siku nyingine angemfukuza. Siku ile alimpa.

Jumamosi wakamnywesha. Petroli ilifurika, ikashuka juu ya jina la mama, na watu walikuwa bado wanashangilia pale nyeupe ilipoanza kuteleza ndani ya kijani. Sebastian akashtuka. Akavua fulana yake akafuta haraka haraka, na fulana ikatoka na Kokuberwa yote.

Watu wakageuka kumtazama Mama Rangi. Alikuwa na muda wa kupumua mara moja tu, na katika pumzi hiyo akaona miaka tisa ikishuka pamoja na ile petroli. Akasema, "Umefuta. Si nilikuambia usifute?"

Hakuna aliyemtilia shaka. Hata Sebastian hakumtilia shaka. Alisimama kifua wazi, fulana mkononi, akasema, "Kweli mama. Nimefuta."

Tangu siku hiyo jina lake kijiweni likawa Tambara. Tambara, njoo unifutie kioo. Tambara, mtoto wangu kajimwagia uji. Vijana wa kijiwe hawana ubaya, ila utani ukishapata mguu hawajui kuuzuia. Kazi ya Demetria haikupungua, iliongezeka. Wateja wapya walikuwa wanayarudia masharti mara mbili, wanayashika kama sala, wakimtolea mfano Tambara. Na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mwaka mzima aliitikia kwa kichwa.

Ndipo mwezi wa kumi na moja mwaka huu Sebastian akavuka barabara, tenki mkononi, bado na doa lile lililofanana na ramani ya nchi isiyojulikana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, nimekuja kukuomba msamaha kwanza." Alikaa kwenye ndoo bila kuambiwa. "Ile siku nilikuharibia kazi yako mbele za watu. Sikuwahigi kuja kukuambia. Niliona haya."

Demetria alikuwa ameshika msasa. Aliendelea kuushika.

"Mama yangu anakuja Krismasi," Sebastian akaendelea. "Hajawahi kufika Dar. Nataka alikute jina lake zima. Nilimwambiaga kwenye simu jina lilivyofutika, basi kila Jumapili ananiuliza, Seba, hujalifuta tena jina langu? Anatania. Ila nikimwambia mie siyo mzembe, ananyamaza." Akacheka kidogo. "Safari hii nitafuata masharti yote. Sasa hivi hata sheli wananijua. Yule dada wa pampu akitaka kuongezea ongezea ili hela iwe kamili, namshika mkono. Natandika khanga juu ya tenki, natembea na chupa ya maji. Wananicheka, lakini tone halijagusa."

Alieleza hayo kwa fahari ya mwanafunzi aliyerudia darasa. Demetria alitaka kusema palepale. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Kilichotoka ni, "Acha tenki. Nitakufungia la kuazima."

Mchana ule alimwita Bupe, mama wa Kinyakyusa anayeuza vitumbua banda la pili, rafiki yake wa miaka mingi na mtu pekee anayeweza kumgombeza. Akamweleza yote, hadina, mvua, nusu ya kipimo. Bupe alisikiliza bila kuacha kugeuza vitumbua.

"Sasa shida iko wapi?" Bupe akauliza. "Mpakie vizuri safari hii, bure kabisa, basi. Yaliyopita si ndwele."

"Watamnywesha tena, Bupe. Mzee Khalil kasema ile ya kwanza baraka haikukaa."

"Si ndiyo vizuri? Itakaa, watashangilia."

"Itakaa, ndiyo. Na ikikaa watasema nini? Watasema mwaka jana alifuta, mwaka huu hakufuta, mnaona? Nitakuwa nimemzika kabisa yule mtoto."

Bupe akaweka kijiti chini. "Sikia, shoga yangu. Wewe mwanamke. Fundi mwanamume akikosea, wanasema kakosea. Wewe ukikosea watasema tulijua tu, hii siyo kazi ya kike. Keshokutwa yupo kijana anayebandika stika za matenki pale Gongo la Mboto anawasubiri. Utarudi kupika maharage. Nyamaza."

Na Bupe hakuwa mjinga. Alisema kweli, na ndiyo maana maneno yake yalimkalia Demetria kifuani siku zote saba.

Siku hizo saba alifanya kazi kama mtu anayepaka kanisa rangi. Alilitoa lile doa mpaka bati likaonekana jeupe. Alienda Kariakoo mwenyewe, jua likiwa kali, akanunua kopo jipya la hadina akalifungulia bandani. Viwili kwa kimoja, akapima, akamwaga, akapima upya. Aliziandika herufi za Kokuberwa polepole, na safari hii hakusogea nyuma kuzitazama. Mdomo wa tenki aliupitishia klia mara nne. Siku ya saba alibonyeza kwa kucha chini ya tenki, mahali mteja hatazami, na kucha haikuacha alama. Kazi ilikuwa safi. Kadiri ilivyokuwa safi ndivyo alivyozidi kujisikia vibaya.

Jumapili baada ya ibada wakakusanyika, wengi kuliko mwaka jana, maana watu wanapenda kumnywesha mtu, na wanapenda zaidi kuona kama Tambara atarudia. Sebastian alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Bupe alikuja na beseni lake la vitumbua, akasimama karibu na Demetria, akamkonyeza kumtia moyo wa kukaa kimya.

"Haya, sigara zote mbali!" mzee Khalil akapaza sauti. "Wewe nawe, na hicho kiberiti chako, hama. Hii ni petroli siyo togwa. Bismillahi, mimineni."

Wakamimina. Chupa ya kwanza, ya tatu, ya saba. Tenki likajaa, petroli ikachungulia mdomoni, ikasita, kisha ikafurika. Ikashuka ubavuni juu ya herufi nyeupe, ikapita K, ikapita B, ikadondoka chini. Watu wote walikuwa wameinama. Jina lilibaki pale pale, jeupe, liking'aa.

Kijiwe kililipuka kwa kelele. Wengine wakapiga honi. Mzee Khalil akamshika Sebastian bega akageukia umati. "Mmeona? Mmeona, vijana? Ukifuata masharti ya Mama Rangi kazi inakaa. Ishu ilikuwa ni kufuta tu. Tambara leo kajifunza!"

"Tambaraaa!" wakaitikia.

Sebastian alikuwa anacheka pamoja nao. Lakini Demetria aliitazama mikono ya kijana huyo. Alikuwa ameifunga nyuma ya mgongo, vidole vya mkono mmoja vimekaza kifundo cha mwingine, kama mtoto anayeogopa atagusa kitu na kuchapwa. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mbele ya pikipiki yake mwenyewe. Moyo wa Demetria ulimuuma kiasi kwamba hakumsikia hata Bupe aliyemwita.

Alifungua kilemba chake. Akapita katikati ya watu, nywele wazi, akafika kwenye tenki bado linachuruzika petroli, akaanza kulifuta. Hakufuta kwa upole. Alisugua jina la Kokuberwa kwenda na kurudi, kwa nguvu ya mkono uliopiga msasa miaka ishirini, mpaka pikipiki ikatikisika kwenye stendi yake.

"Mama, usifute!" Sebastian akapiga kelele.

Demetria akasugua tena. Kisha akakitandaza kilemba juu, watu wakione. Kilikuwa kimelowa, kinanuka petroli, na hakikuwa na hata tone la nyeupe.

"Nimefuta," akasema. "Imetoka?"

Akamgeukia mlezi wa kijiwe.

"Mzee Khalil, imetoka?"

"Haijatoka," mzee Khalil akasema taratibu, kama mtu anayeanza kuona mbele kuna shimo.

"Basi hata mwaka jana isingetoka kwa kufuta. Klia yenye hadina kamili, kitambaa kitaikwaruza tu, hakiwezi kuiondoa. Mwaka jana hadina iliniishia nikaweka nusu. Nilijua ni nusu. Nikampa tenki siku ya tano, na nilijua ni ya tano. Halafu mlivyonitazama nikaogopa, nikamsingizia huyu." Akamwonyesha Sebastian kwa kidole. "Hakuharibu kitu. Mwenye kosa ni mie. Anayetaka kupeleka tenki lake kwingine apeleke, sitamnunia."

Vijana wengine walitazama matenki yao wenyewe, na mmoja aligusa la kwake kwa kidole, kisirisiri. Mzee Khalil alivua kofia akaikunja, akaivaa tena. Bupe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Sebastian alikuwa ameiachia mikono yake. Ilining'inia tu. Demetria alimsubiri atukane, na angeyapokea matusi yote.

"Mwaka mzima," Sebastian akasema. "Mama, mie nilikuja kukuomba msamaha."

"Najua."

"Ukakaa na msasa wako ukaniangalia."

"Ndiyo, baba."

Sebastian hakusema amemsamehe, na Demetria hakumwomba aseme. Badala yake alitoa simu mfukoni, akasogea mbali na ile petroli mpaka ukutani kwa duka la mzee Khalil, akabonyeza namba moja, akamwashiria Demetria amfuate. Alipofika akamkabidhi simu ikiwa tayari inaita.

"Leo Jumapili," akasema. "Mwambie yeye."

Demetria aliishika kwa mikono miwili. Simu iliita mara nne. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka kwa mbali, yenye furaha.

"Seba mwanangu! Umeshakula?"

"Shikamoo mama," Demetria akasema. "Siyo Seba. Naitwa Demetria, fundi rangi wa huku Ukonga. Mimi ndiye niliyelifuta jina lako."